Mto wa Saa Kumi Jioni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye uwanja mdogo wa nyuma ya nyumba, mwanamke aliyevaa buti za mpira anapanga chupa za maji yaliyoganda ndani ya sanduku la barafu. Amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, kwa sababu goti lake halipendi kukunjwa kabla jua halijapanda.

Mlango wa uani unagongwa, taratibu, kama anayegonga anatamani asisikike.

"Pita, hakuna mbwa," anasema bila kuinua kichwa. "Kuna mume tu, na bado amelala."

Anayeingia si jirani. Ni mwanamke kijana ambaye hajawahi kumwona, mtandio wake umefungwa kwa haraka, na ngozi ya vidole vyake imechubuka na kupauka kama ya mtu aliyeshinda na mikono majini. Anakataa kiti. Anakataa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Ni wewe unayechota maji ya mto?"

"Ndiye mimi."

"Unachota saa mbaya."

Mama Chupa, kama anavyoitwa na kila mtu, anasema hakuyaelewa maneno hayo mara moja. Alidhani labda mgeni ana mambo ya mizimu ya mtoni. Aliendelea kupanga barafu yake.

Jina la Mama Chupa alipewa na dereva mmoja wa ofisi aliyekwisha kustaafu, na sasa hata wauza mboga wa mtaani kwake wanalitumia. Ana miaka hamsini na mbili. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi imepita akiwa ameinama juu ya mto mmoja, akijaza chupa na kuzipeleka maabara, ili watu wengine waseme kama maji yale ni mazima au yana ugonjwa.

"Kazi yangu si kusema," anaeleza. "Kazi yangu ni kuchota bila kuharibu. Maji yakifika maabara kama yalivyotoka mtoni, mimi nimemaliza. Kinachobaki ni cha wenye kompyuta."

Ni kazi yenye miiko yake. Mchukua sampuli huanza juu, milimani, kwenye maji safi, halafu hushuka kituo hadi kituo kuelekea baharini. Akigeuza mwendo, uchafu wa chini utasafiri naye kwenye kamba anayojishikia majini na kwenye buti, na maji ya juu yataonekana machafu bila kosa. Akiwa majini husimama upande ambao mkondo unaelekea, ili tope la miguu yake lisiingie chupani. Chupa huzamishwa mdomo ukiwa chini, kisha hugeuzwa kuelekea mkondo unakotoka.

Halafu kuna saa. Vijidudu vilivyomo ndani ya chupa havingoji mtu. Vikikaa muda mrefu vinazaliana au vinakufa, na jibu la maabara linageuka uongo. Ndiyo maana ya barafu, na ndiyo maana ya dirisha la maabara, ambalo hufungwa saa nane mchana. Mtaalamu wa ndani anahitaji muda uliobaki kuyachuja maji na kuyaweka kwenye kabati la joto kabla hajaenda nyumbani.

"Toka juu, shuka chini, wahi saa nane." Huo ndio wimbo ambao Mama Chupa amewafundisha wachukua sampuli wote waliokuja nyuma yake. Anaufundisha vizuri. Wengine mpaka leo wakikutana naye barabarani humsalimia kwa kuuimba.

Hata barafu ni yake. Friji ya ofisi ilikufa zamani, ikabaki kuwa kabati la mafaili. Tangu hapo chupa zinagandishwa nyumbani kwake, kwenye friji ambayo mumewe, fundi cherehani, aliinunua ili wahifadhi chakula.

"Mgeni akija akaomba maji ya baridi namwambia haya ni ya serikali," anasema mumewe, huku akipitisha uzi kwenye sindano. "Samaki ndani ya nyumba hii anaomba hodi kwanza. Akikuta chupa zimejaa, anapikwa siku hiyo hiyo."

Mto wenyewe si mkubwa. Unashuka kutoka vilimani, unapita kwenye mashamba, unazunguka nyuma ya mji na kuingia baharini kwenye uwazi uliozungukwa na mikoko. Miaka michache iliyopita pale mlangoni mwa mto palikuwa na mikoko hiyo tu, na kaa. Kisha ikajengwa hoteli nyeupe yenye bustani inayoshuka mpaka majini, na mabwawa mawili ya kuogelea yanayotazama bahari. Watu wengi wa mji walipata kazi. Hilo Mama Chupa hulisema kwanza kila anapoizungumzia hoteli, kwa haki.

"Mtoto wa dada yangu amesomeshwa na bustani ile," anasema. "Baba yake anakata majani pale. Siwezi kuitukana."

Sasa hoteli hiyo inataka kuongeza vyumba mara mbili, na wawekezaji wengine wawili wanasubiri viwanja jirani. Kabla kibali hakijatoka, ofisi ya bonde la mto iliombwa kufanya tathmini: wageni wakiongezeka kiasi hicho, maji yao machafu yatakwenda wapi, na mto utaweza kuyabeba? Mama Chupa alichota sampuli za tathmini hiyo kwa miezi minane, mvua na kiangazi. Asubuhi ile mgeni alipogonga, ripoti ilikuwa imeshaandikwa. Mbele ya neno "hatari" paliandikwa "ndogo". Kikao cha kuamua kilikuwa kimepangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Niliringa na ripoti ile," anakiri. "Kwenye jalada waliweka picha ya chupa zangu. Niliileta nyumbani kumwonyesha mume wangu. Akaniuliza, 'Na wewe uko wapi?' Nikamwambia mkono ule pembeni ni wangu."

Basi uani, asubuhi ile, mgeni alijieleza. Alikuwa anafanya kazi ya kufua katika hoteli ile. Leo ameshaacha kazi hiyo na kuhamia mji mwingine pamoja na mtoto wake, na ni yeye mwenyewe aliyeruhusu kisa hiki kisimuliwe. Siku ile hakuwa na ruhusa ya kumpa mtu. Alizungumza akiwa amesimama, jicho moja mlangoni.

"Mama, sisi tunafua tangu alfajiri. Maji yote yanaingia kwenye shimo. Ya vyoo, ya jikoni, ya mashuka, yote humo humo. Shimo ni dogo, walilichimba wakati vyumba ni vichache. Likijaa, saa kumi jioni linafunguliwa, linaingia mtoni."

"Mara moja moja?"

"Kila siku. Jumamosi ndiyo balaa lenyewe. Wageni wa zamani wametoka, wapya wameingia, kila kitanda kimevuliwa mashuka. Siku hiyo linafunguliwa mpaka giza linaingia. Usiku kucha maji yanakwenda baharini. Nyinyi mkija mchana wake, mnakuta mto umeshajiosha uso."

Ng'ambo ya hoteli, hatua chache kabla ya bahari, upo mtaa wa bondeni. Wengi wa wanaoishi pale ndio wanaofua, wanaopika na wanaofagia upande wa pili. Bomba la mtaa huo hutoa maji linapojisikia. Kwa hiyo wakitoka kazini, watu wazima na watoto, huingia mtoni.

"Mnaoga saa ngapi?" Mama Chupa aliuliza, ingawa jibu alikuwa ameshalijua.

"Jioni, mama. Nyinyi mnachota mchana, sisi tunaoga jioni." Mgeni akavuta pumzi. "Mwanangu ana miaka minne. Tumbo likipona, ngozi inaanza. Ngozi ikipona, tumbo. Nesi ananiuliza namwogesha kwa maji gani, namwambia ya mtoni. Ananiambia mto umepimwa, ni salama, ameona tangazo. Nikasema ngoja nimtafute huyo anayepima."

Mama Chupa anasema alitamani yule dada awe mwongo. Ingekuwa nafuu.

"Lakini nilijua hapo hapo," anasema polepole. "Hakuna aliyetudanganya. Hoteli haikutuficha chochote. Ni sisi tu ambao hatukuwahi kuwa pale saa kumi. Mimi, dereva, watu wa maabara, mabosi, wote tulikuwa tunakimbizana na saa nane. Miaka yote hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mto unafanya nini tukishaondoka."

Alimwuliza mgeni kwa nini haendi ofisini kulalamika mwenyewe. Mgeni akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nilalamike leo, kesho nikaoshe nini? Nina mkataba wa msimu, mama. Wanaweza kuniambia nisirudi hata bila kunifukuza."

"Sawa," Mama Chupa akasema. "Jumamosi hii nitakuja. Saa kumi. Na jina lako halitatoka mdomoni mwangu."

"Unaahidi?"

"Nimeshasema, mwanangu. Nenda usije ukachelewa."

Mgeni alipoondoka, sauti ilitoka dirishani. Mumewe alikuwa macho tangu zamani.

"Jumamosi hii?" akauliza. "Jumamosi hii ipi, Mama Chupa?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Goti lile limemsumbua kwa miaka, tangu alipoteleza kwenye mawe ya kituo cha juu. Daktari bingwa wa mifupa hufika hospitali kuu mara moja kwa msimu, Jumamosi, na hospitali yenyewe ni safari ya nusu siku. Anayetaka kumwona huandikisha jina mapema na kulala huko. Jina la Mama Chupa lilikuwa kwenye orodha ya Jumamosi hiyo hiyo. Mumewe ndiye aliyepanga foleni kuliandikisha.

"Nilikumbuka baada ya kuahidi," anasema.

"Alikumbuka baada ya kuahidi," mumewe anarudia. "Mtu asiyemjua ameahidiwa uani kabla ya chai. Mimi niliyeahidiwa mbele ya ndugu wa pande mbili bado nangoja zamu yangu."

"Goti ni langu, baba."

"Goti ni lako, ndiyo. Lakini ukigeuka kitandani usiku, kelele ni zangu."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Mume alirudi kwenye cherehani yake. Ijumaa jioni, Mama Chupa alipofungua friji, alikuta nyama yote imetolewa na chupa zimejazwa maji, zimepangwa tayari, mpaka kwenye rafu ya mlango.

Tatizo lililobaki lilikuwa maabara. Jumamosi haifunguliwi, wala hakuna anayepokea maji baada ya saa nane. Mtaalamu wa maabara, mwanamume mwembamba ambaye ofisi nzima inamwita Hadubini, alimsikiliza akiwa ameegemea dirisha lake.

"Jumamosi jioni mimi si mtaalamu, mama. Mimi ni baba wa watu. Naangalia mpira."

"Angalia mpira. Nikifika nitagonga."

"Una kibali?"

"Sina."

"Una gari?"

"Sina."

"Sasa una nini?"

"Nina barafu."

Hadubini akajikuna shingo. "Nitakufungulia," akasema mwishowe. "Lakini naapa, ukiniletea maji safi baada ya kunitoa kwenye mpira, utayanywa yote mbele yangu."

Jumamosi saa tisa na nusu, Mama Chupa alipanda pikipiki ya kukodi, sanduku la barafu mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Alishukia kwenye njia ya wapita kwa miguu inayofuata ukingo, ambayo ni ya kila mtu, ingawa hoteli imeipanda maua pande zote mbili. Mlinzi alimfahamu.

"Mama Chupa! Leo Jumamosi. Mto nao hauna mapumziko?"

"Ukiuona umekaa kitako niite, nitarudi nyumbani."

Mlinzi alicheka akampisha. Hakuambiwa azuie mtu. Hakuna aliyewahi kudhani kuna mtu wa kuzuia.

Alisimama pembeni ya mikoko akingoja. Goti lilikuwa limeshaanza kuuma. Anasema wakati ule alimfikiria daktari bingwa, akiita jina lake kwenye benchi lililojaa watu, mara moja, mara mbili, halafu akiita la mtu mwingine.

Saa kumi na dakika kidogo, chini ya matete yaliyopandwa kwa mpangilio mzuri, bomba linalotoka kwenye shimo la hoteli lilikohoa. Kisha likatapika.

"Kwanza yalikuja meupe, ya sabuni, yana harufu nzuri kabisa," anasimulia. "Halafu yakageuka. Harufu ya pili sitaisema, gazeti linasomwa watu wakila."

Aliingia majini. Alisimama kama alivyowafundisha wengine kusimama, akazamisha chupa, akaigeuza kuelekea mkondo. Alichota juu ya bomba, akachota chini yake, kisha akasogea mpaka pale mbele ya mtaa wa bondeni, ambapo watoto walikuwa wameshaingia na kurushiana maji. Aliwaambia watoke. Walimtazama, wakacheka, wakaendelea. Bibi mmoja aliyekuwa akisuuza sufuria alimwuliza kama anauza hizo chupa.

Kule juu, nyuma ya ukuta mfupi wa hoteli, wanawake watatu walikuwa wakianua mashuka. Mmoja wao alimwona. Hakupunga mkono, wala Mama Chupa hakuinua wake.

Maji yalifika maabara kabla ya jua kuzama. Hadubini aliinusa ile chupa ya pili kabla hajaifungua vizuri. Hakutaja mpira tena.

Kipimo chenyewe huchukua usiku mzima. Maji huchujwa kwenye karatasi nyembamba ya duara, na kila kijidudu cha kinyesi kinachopona ndani ya kabati la joto huota na kuwa doa. Kesho yake mtaalamu huhesabu madoa. Kwa miezi minane madoa ya kituo cha mwisho yalikuwa machache, ya kuhesabika kwa vidole. Jumapili mchana Hadubini alipiga simu.

"Mama, nimeshindwa kuhesabu."

"Umeshindwaje?"

"Yameshikana. Karatasi nzima ni doa moja."

Jumatatu asubuhi Mama Chupa alikuwa mlangoni kwa mkuu wa kitengo, buti mkononi. Mkuu huyo, mwenye mvi za mapema na uso wa mtu asiyelala vya kutosha, alikubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa jina. Anasema hakuwa na shaka na matokeo. Shaka yake ilikuwa kwenye utaratibu.

"Sampuli ya nje ya ratiba inaruhusiwa kwa sababu moja tu, kukiwa na malalamiko," anasema. "Na malalamiko lazima yawe na mlalamikaji. La sivyo kila mtu atachota maji anapotaka na kuyaleta, na wenye hoteli watatushtaki, na watatushinda. Kanuni hiyo si mbaya. Inatulinda."

Mazungumzo yao, kama wote wawili wanavyoyakumbuka, yalikuwa mafupi.

"Nani amelalamika, mama?"

"Watu wa bondeni."

"Watu wa bondeni ni wengi. Nipe mmoja."

"Siwezi."

"Basi haya maji sikuyaona. Alhamisi ripoti itaingia kikaoni kama ilivyo. Hatari ndogo. Vyumba mara mbili, shimo lile lile." Mkuu akayafikicha macho. "Sikufanyii ukali. Nipe jina la mtu nikusaidie."

Mama Chupa anasema aliitazama picha ya chupa zake kwenye jalada la ripoti mezani. Akitaja jina, matokeo ya maji yatafika kikaoni, na yule dada atakosa kazi. Asipotaja, yule dada atabaki na kazi na mtoto ataendelea kuoga saa kumi.

"Andika mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mlalamikaji. Mimi ni mkazi wa mji huu. Natumia mto. Nalalamika."

Mkuu aliweka kalamu chini. Kuna kanuni nyingine, naye alilazimika kumkumbusha: anayelalamika hachoti. Mfanyakazi akishakuwa mlalamikaji juu ya mto, haruhusiwi tena kugusa sampuli za mto huo, isije ikasemwa kwamba alipika ushahidi. Sampuli za Jumamosi zingetosha kusimamisha kikao tu. Baada ya hapo mto utachotwa upya, na watu wengine.

"Kwa muda gani?" Mama Chupa aliuliza.

"Mpaka shauri liishe. Na mashauri ya namna hii unayajua. Wewe na kustaafu, sijui kipi kitafika kwanza."

"Nilimwambia aende akanywe maji kwanza, afikirie," mkuu anasema. "Akaniambia, 'Andika nisije nikabadili mawazo.' Mkono wangu ndio ulikuwa mzito, si wake."

Alhamisi kikao kiliahirisha uamuzi. Hakikuikataa hoteli. Kilisema tathmini irudiwe kwa saa zote, pamoja na jioni na Jumamosi, kabla ya kibali chochote. Maabara sasa hufunguliwa jioni siku mbili kwa wiki, na Hadubini analalamika kwa kila mtu anayepita, lakini hufungua. Hoteli imeanza kuchimba mabwawa ya kusafishia maji taka nyuma ya bustani. Kazi inakwenda polepole, na mpaka yaishe bomba bado linafunguliwa. Tofauti ni kwamba mtaa wa bondeni umeambiwa, na wengi sasa huoga kabla ya kwenda kazini, kwenye baridi, wakinung'unika.

Mama Chupa yuko stoo. Ni chumba kimoja chenye sinki, rafu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Anaosha chupa za wenzake, anazikausha, anazifunga vifuniko. Asubuhi gari la mtoni likiondoka, hulisikiliza mpaka linapokata kona.

"Mwanzoni nilidhani nitapumzika," anasema. "Kumbe uchovu wa kusimama kwenye sinki na ule wa mtoni si ndugu. Ule nilikuwa nalala nao vizuri."

Goti liko vile vile. Mumewe ameliandikisha jina lake tena kwa daktari bingwa, na ametangaza kuwa safari hii atamfunga kwenye kiti cha basi kwa mita zake mbili za kitambaa kigumu. Mipango ya Mama Chupa mwenyewe haizidi hapo sana. Angependa kuona ripoti ya pili kabla hajastaafu.

"Iseme hatari ni kubwa, iseme ni ndogo, mimi sitagombana nayo," anasema. "Ila iwe imeuona mto siku nzima. Na waliotoka kwenye mikono yangu, wauache ule wimbo wangu. Ulikuwa na kasoro."

Kulikuwa na siku moja ambayo angeweza kurudi mtoni. Anaisimulia akiwa amempa mwandishi kisogo, maji ya sinki yakitiririka.

Ilikuwa wiki chache baada ya kikao, kabla yule dada hajahama. Mkuu wa kitengo aliingia stoo akiwa na meneja wa hoteli, mtu mpole, shati lake limepigwa pasi, mikono ameikunja kwa adabu. Meneja alisema hana ugomvi na ofisi. Mabwawa wanayachimba. Lakini hakuna mtu wa nje ambaye angeweza kujua habari za lile shimo na saa zake. Alitaka kujua ni nani tu kati ya watu wake, ili, kama alivyosema, wakae naye wazungumze.

"Hatutamfanya kitu, mama."

Mkuu alitazama sakafu. Kisha akasema alichopaswa kusema: ikiwa mlalamikaji halisi atajitokeza au atajulikana, basi jina la Mama Chupa litaondolewa kwenye shauri, na Jumatatu anaweza kurudi kwenye gari.

Nje, dereva alikuwa akifuta kioo. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi, na kamba ya kituo cha juu ilikuwa imening'inia palepale alipozoea kuitundika yeye. Ilikuwa imefungwa vibaya. Anasema aliitazama muda mrefu kuliko alivyomtazama meneja.

"Mlalamikaji ni mimi," akasema. "Si mliandika?"

"Mama, tunajua si wewe," meneja akasema kwa upole ule ule.

"Basi mnajua zaidi yangu."

Mkuu ndiye aliyegeuka kwanza. Walipotoka, Mama Chupa alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye aproni na kutoka mpaka kwenye gari. Alimwomba dereva ampishe, akaifungua ile kamba, akaifunga upya kwa namna inayotakiwa. Kisha akarudi ndani.